Kompresa na gesi ya AC: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wateja wetu wa Tanga

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Tanga mjini. Kuanzia Raskazone mpaka Kange, maswali ninayopokelewa nayo getini ni yale yale, na mengi yanahusu ile mashine ya nje: kompresa yake na gesi iliyomo. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa wateja.

AC yangu haipozi. Gesi imeisha?

Huenda, ila tusianzie hapo. Neno "gesi imeisha" limezoeleka mjini kiasi kwamba mteja akipiga simu, salamu haijaisha ameshasema, "Fundi, njoo na mtungi." Gesi ya AC hailiwi kama petroli ya bodaboda au gesi ya jikoni. Inazunguka. Kompresa inaisukuma ikiwa moto, inapita kwenye koili ya nje (mabomba yenye mapezi) inaacha joto na kugeuka kimiminika, inapenya kwenye kapilari (kibomba chembamba sana) au vali ndogo ya kupunguza presha, inaingia chumbani na kuchemka ndani ya koili huku ikibeba joto la chumba, kisha inarudi kwa kompresa kuanza upya. Njia yote hiyo imefungwa. Kiasi kilichowekwa kiwandani ndicho kinachotakiwa kiwemo hata baada ya miaka kumi. Kikipungua, kuna tundu.

Kwa hiyo nikifika naanza na chujio la mashine ya ndani, koili ya nje, feni ya nje na kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuwaka. Mara nyingi tatizo ni mojawapo ya hayo, na mtungi unarudi nyumbani haujafunguliwa.

Mbona fundi aliyepita alisema gesi huongezwa kila mwaka?

Alikosea. Nitaeleza kisa kimoja, maana kinafanana na vingine vingi.

Mama mmoja wa Chumbageni aliniita baada ya AC yake kujazwa gesi mara tatu katika mwaka mmoja na nusu. Nilipomwamkia, kabla hajaniambia nikae, akasema, "Mwanangu, hii mashine inakula gesi kuliko jiko langu linavyokula mkaa." Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikafungua kile kifuniko cha pembeni kinachoficha vali. Kwenye nati ya bomba nene kulikuwa na duara jeusi, limeloa, vumbi limegandana nalo kama tope. Hiyo ni oili ya kompresa. Gesi inapotoroka hutoka na oili, gesi ikapaa, oili ikabaki. Nikapaka maji ya sabuni kwa brashi ndogo, nikainama. Hayakutoka mapovu makubwa. Lilitoka povu laini, la polepole, kama lile la mdomoni mwa kaa. Nilipofungua nati nikakuta mdomo wa kopa, yaani bomba la shaba, umepanuliwa upande, na una ufa mwembamba kama unywele. Kosa lilifanyika siku AC ilipofungwa, na kila aliyekuja baadaye alijaza gesi akaondoka.

Nilikata kipande kile, nikapanua mdomo upya, nikajaribu kwa naitrojeni, nikanyonya hewa yote, nikaweka gesi kwa mizani. Tangu siku ile naitwa kwa mama yule kuosha tu.

Fundi akikwambia gesi imepungua, muulize, "Imetokea wapi?" Kama hana jibu, hajamaliza kazi.

Kuna ubaya gani kuongeza kidogo huku tukitafuta pesa ya kurekebisha?

Anayeumia ni kompresa. Mota yake imo ndani ya chungu kilichochomelewa, haina feni ya kuipepea. Inapozwa na gesi ile ile inayozunguka. Gesi ikipungua, mota inafanya kazi ikiwa na joto kali, oili inaungua na kuwa nyepesi, vyuma vinasagana. Pia gesi ndiyo inayoirudisha oili kutoka kwenye mabomba, hivyo gesi ikiwa kidogo oili inabaki njiani. Mtu anadhani ameahirisha gharama ya nati moja, kumbe anajiandalia gharama ya kompresa nzima.

Nitajuaje mwenyewe kwamba gesi kweli imepungua?

Gusa na tazama. Kwenye AC nyingi za ukutani, presha inapunguzwa ndani ya mashine ya nje, kwa hiyo mabomba yote mawili yanayokwenda chumbani huwa ya baridi. AC ikifanya kazi dakika 15, bomba nene linatakiwa liwe baridi na litoke jasho. Ukikuta bomba jembamba limeota barafu pale linapotokea kwenye vali, na bomba nene ni vuguvugu, hiyo ni dalili nzuri ya upungufu wa gesi. Barafu ikiwa kwenye bomba nene, au koili nzima ya ndani imeganda, angalia kwanza chujio na feni ya ndani; hewa haipiti.

Njia nyingine ni kipimajoto. Pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani na ile inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri kwa hali ya hewa yetu. Mwezi wa pili, kaskazi likiwa limetulia na unyevu umejaa hewani, tofauti huwa ndogo kidogo maana nguvu nyingi inatumika kukausha hewa. Ndiyo maana maji mengi yanatiririka kwenye ule mpira wa kutolea maji.

Geji ilisoma presha ya kutosha AC ikiwa imezimwa. Si ina maana gesi imejaa?

Hapana, na hapa hata mafundi wenzangu wengine hujikwaa. AC ikizimwa, presha inafuata joto la hewa, haifuati wingi wa gesi. R22, R410A na R32 ni majina ya aina za gesi, nitazieleza mbele; psi ni kipimo cha presha. Kwa nyuzi 30, R22 itasoma karibu psi 158, na R410A karibu psi 258, kilo moja ikiwemo au gramu mia tatu, ilimradi kuna kimiminika kidogo kimebaki. Ni sawa na mtungi wa gesi ya jikoni: ukiutikisa ndipo unajua umebaki na nini, moto wenyewe unawaka vile vile mpaka karibu na mwisho.

Hata AC ikifanya kazi, geji peke yake haitoshi. R22 kwenye bomba nene huwa kati ya psi 60 na 75, R410A na R32 kati ya 110 na 140, lakini namba hizo zinabadilika na joto la chumba, joto la nje na uchafu wa koili. Kipimo cha kuaminika ni uzito. Kwenye kibati cha mashine ya nje pameandikwa aina ya gesi na gramu zake. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) mara nyingi hubeba kilo moja au pungufu, kwa hiyo ukikosea gramu 100 umekosea sehemu kubwa. Kama gesi ilivuja sana, namna iliyo sahihi ni kutoa iliyobaki, kuziba tundu, kunyonya hewa, kisha kupima upya kwa mizani. Kama kopa ni ndefu kuliko urefu ulioandikwa kwenye kitabu cha AC, zinaongezwa gramu kwa kila mita kama kitabu kinavyosema.

Na ikizidi nayo ni hatari. Kompresa imeundwa kubana gesi. Ikirudishiwa kimiminika, haiwezi kukibana, na kitu fulani ndani kitavunjika.

Kwa nini AC za Tanga zinaharibika haraka kuliko za ndugu zangu wa Dodoma?

Chumvi. Swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu linagusa kila nyumba iliyo karibu na maji, Raskazone na Sahare hasa, ila hata Ngamiani upepo unafika.

Koili ya nje imetengenezwa kwa mabomba ya shaba yaliyopenya kwenye mapezi membamba ya aluminiamu. Shaba na aluminiamu zikigusana pakiwa na maji ya chumvi, aluminiamu inaliwa, kama betri inavyofanya kazi. Utaona unga mweupe, halafu mapezi yanaanza kumomonyoka ukiyagusa kwa kidole. Pezi likiachana na bomba, joto halina pa kutokea. Presha ya upande wa moto inapanda, kompresa inavuta umeme zaidi, bili inakua, na siku ya jua kali mashine inajizima yenyewe. Hapo gesi haijapungua hata gramu moja.

Kusi linapovuma, kuanzia kama mwezi wa nne au wa tano mpaka wa tisa, linaleta rasharasha ya bahari moja kwa moja. Mashine iliyofungwa ukuta unaotazama bahari inaipokea yote. Mvua ya masika husaidia kuosha, lakini mashine iliyo chini ya paa refu haipati mvua. Inapata chumvi tu, na hizo ndizo ninazokuta zimeoza mapema. Wateja hushangaa, maana walidhani wameikinga.

Ukiwa bado unajenga, panga mashine ya nje ikae upande usiopigwa na upepo wa bahari. Vyuma vya kuishikia viwe vya stenlesi au vilivyopakwa zinki vizuri. Vile vya kupigwa rangi tu vinakatika. Koili zenye rangi ya bluu au dhahabu zimepakwa utando unaochelewesha kutu. Zinafaa, ila utando huo nao unahitaji kuoshwa.

Na usiifunike kwa turubai au nailoni wakati inafanya kazi. Inatakiwa ivute hewa nyuma na kuitupa mbele. Acha nafasi ya sentimita 15 hivi nyuma, na mbele pawe wazi kabisa.

Naweza kuiosha mwenyewe?

Ndiyo, na ningefurahi ukifanya hivyo. Zima breka kuu, si rimoti peke yake. Tumia maji baridi ya bomba, ya kawaida, kwa mpira wa bustani. Usimwite kijana wa kuosha magari na mashine yake ya presha. Mapezi yanalala kama nyasi zilizokanyagwa, na hewa haipiti tena. Mwagia taratibu kutoka juu kwenda chini. Ukiweza kufungua kifuniko cha juu, osha kutoka ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikotokea. Usirushe maji kwenye upande wa nyaya. Usitumie jiki wala asidi ya kusafishia vyoo, kwani vitamaliza aluminiamu kuliko chumvi yenyewe. Iache ichuruzike nusu saa, kisha washa.

Walio mbele ya bahari, kila mwezi. Wa Makorora, Mikanjuni na kwingineko ndani, kila baada ya miezi mitatu inatosha.

Mashine ya nje inaunguruma sekunde chache, inasema "tiki", inanyamaza. Kompresa imekufa?

Usikubali haraka. Ngurumo hiyo ni kompresa inajaribu kuzunguka inashindwa, na ile "tiki" ni ovalodi, kinga inayokata umeme kabla mota haijaungua. Mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, lile kopo dogo la fedha kwenye kisanduku cha nyaya. Likivimba juu kama kopo la nyanya lililoharibika, au likivuja mafuta, limekwisha. Lakini mengi hufa yakiwa na sura nzuri, kwa hiyo nalipima. Lililoandikwa maikrofaradi 35 likisoma 24, siendelei kutafuta.

Tafadhali, usilishike. Linaweza kubaki na umeme hata baada ya breka kuzimwa, na umeme huo unatosha kukudondosha kwenye ngazi.

Mtuhumiwa wa pili ni umeme mdogo. Volti zetu ni 230. Zikishuka chini ya 207 hivi, kompresa nyingi za kawaida zinaanza kuhangaika kuwaka. Napima wakati inajaribu kuwaka, si kabla, maana waya mwembamba au kiungo kilicholegea kinaonyesha volti nzuri mpaka pale mzigo unapokuja.

Basi kompresa iliyokufa inajulikanaje?

Kwa mita. Kompresa ya kawaida ina ncha tatu: ya pamoja, ya kukimbilia na ya kuwashia. Pima kati ya ya pamoja na ya kukimbilia, kisha ya pamoja na ya kuwashia. Ukijumlisha unapata kile kilicho kati ya kuwashia na kukimbilia. Kwa mfano, ohmu 2 na ohmu 3.5 zitoe 5.5. Hesabu isipokubali, nyaya za ndani zimeungua au zimegusana. Kisha pima kila ncha na mwili wa kompresa. Isisome chochote. Ikisoma, mota imegusa chuma, na ndiyo maana breka inaruka.

Kuna jambo moja limeponza kompresa nyingi nzima. Zile ambazo ovalodi yake imo ndani ya chungu, zikipata joto kali ovalodi inafunguka, na kupoa kwake kunaweza kuchukua saa kadhaa. Ukipima wakati huo, ncha ya pamoja haisomi na mbili nyingine, ila kuwashia na kukimbilia zinasomana vizuri. Fundi mwenye haraka atasema imekatika ndani. Nimekuta kompresa iliyohukumiwa hivyo saa nane mchana, nikairudia kesho yake alfajiri ikiwa imepoa, ikasoma vizuri na kuwaka. Ilikuwa imezidiwa na joto kwa sababu koili ilijaa chumvi.

Nibadilishe kompresa au ninunue AC mpya?

Nitazame koili kwanza. Kama mapezi yanapukutika, kompresa mpya utaiweka kwenye nyumba mbovu, nayo itakufa kwa ugonjwa ule ule. Kama AC ni ya R22 na ina umri mkubwa, nakushauri mpya. Kama ni ya miaka michache na koili ni nzima, badilisha kompresa.

Kubadilisha kwenyewe si kukata na kuchomelea tu. Kompresa mpya ifanane na ya zamani kwa gesi, oili, volti na hezi. Hezi za umeme wetu ni 50, na zipo kompresa zinazoingia nchini zikiwa za 60. Kama ya zamani iliungua, oili yake ina asidi. Utaijua kwa harufu kali inayokaa puani siku nzima. Mabomba lazima yasafishwe, chujio la kukausha liwekwe jipya, na wakati wa kuchomelea ipitishwe naitrojeni polepole ndani ya kopa. Bila hiyo, ndani kunajitengeneza magamba meusi, yanasafiri mpaka kwenye kapilari na kuiziba. Kompresa mpya ikifa ndani ya mwezi, mara nyingi uchafu wa ile ya kwanza ndio ulioiua.

R22, R410A, R32: tofauti ni nini, na ipi nichague?

R22 ndiyo ya zamani. Ina klorini inayoharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 na nyongeza zake uliiweka kwenye orodha ya kuondolewa. Nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zilipangiwa kupunguza kundi hilo la gesi kwa asilimia 10 mwaka 2015, 35 mwaka 2020, 67.5 mwaka 2025, na kuliondoa mwaka 2030, ikibaki akiba ndogo ya kuhudumia mashine zilizopo. Kwa hiyo ukinunua leo AC iliyotumika ya R22 kwa sababu ni rahisi, unanunua mashine ambayo gesi yake itazidi kuadimika.

R410A haina klorini, lakini ikitoroka inaongeza joto la dunia mara 2,088 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Kilo moja ukiiachia hewani ni kama tani mbili za hewa ukaa. R32 ni 675. Makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yanalenga kupunguza gesi za namna hiyo. R32 inapoza vizuri kwa gramu chache, ila inaweza kushika moto kwa kiasi, kwa hiyo fundi asivute sigara wala kuwasha moto kabla hajaiondoa yote na kupitisha naitrojeni. Kwa anayenunua sasa, mimi nasema R32.

Fundi anataka kuweka R410A kwenye AC yangu ya R22. Nimruhusu?

Usimruhusu. Presha ya R410A ni kubwa mno kwa mabomba na kompresa ya R22. Koili ya nje ikiwa nyuzi 50, R22 inafika karibu psi 267, R410A karibu psi 430. Oili nayo ni tofauti, hazichanganyiki ipasavyo.

Na gesi ya kupikia?

Hapana, hata kidogo. Ni moto ndani ya chumba cha kulala, karibu na nyaya na kapasita.

Gesi bandia zipo kweli?

Zipo, na sisi watu wa mji wa bandari tunapaswa kulijua hili. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka Vietnam na Brazil, wakafa wafanyakazi watatu. Yalikuwa yamejazwa gesi bandia yenye kemikali inayoitwa R40, ambayo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Mafundi waliokufa walikuwa kazini kama mimi ninavyokuwa kwako.

Rangi ya mtungi si ushahidi. Ninachofanya: mtungi ukae kivulini usiku kucha, asubuhi nafunga geji na kipimajoto. Kama hewa ni nyuzi 30 na mtungi umeandikwa R22, nategemea karibu psi 158. Ukisoma 130 au 190, ndani kuna kingine, na sifungui. Namba ikikubali bado haithibitishi kila kitu, ndiyo maana nanunua kwa muuzaji mmoja ninayemfahamu, na risiti naiweka.

Kwa nini unawasha ile pampu karibu saa nzima kabla ya kuweka gesi? Yule mwingine alifungua vali, "pssss", akamaliza.

Ile "pssss" ni kutumia gesi yako kusukuma hewa itoke. Hewa kiasi inatoka, unyevu unabaki. Na unyevu ndio adui mkubwa. Oili inayotumika na R410A na R32 inafyonza maji kama sponji, ikichanganyika nayo inatoa asidi, na asidi inakula nyaya za mota polepole. Tone lingine linaganda kwenye kapilari, AC inapoza, inaacha, inapoza tena, mteja anachanganyikiwa.

Pampu inatoa maji kwa kuyachemsha bila moto. Aliyewahi kupika maharage Lushoto anajua yanachelewa kuiva: kule mlimani maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, hayafiki 100, kwa sababu presha ya hewa ni ndogo. Pampu inashusha presha ndani ya kopa mpaka maji yachemke kwa joto la kawaida la mchana wetu, yageuke mvuke na kuvutwa nje. Nalenga mikroni 500, ambapo presha ya kawaida ya hewa ni mikroni 760,000. Nikifika hapo nafunga, nasubiri dakika 15. Sindano ikipanda kidogo na kusimama, unyevu bado upo. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu.

Kabla ya hapo mfumo unakuwa umeshajaribiwa kwa naitrojeni kavu. Ukimwona mtu anajaribu kwa oksijeni ya kuchomelea, mzuie mara moja. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka.

Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompresa inaumia?

Inaumia ikiwashwa papo hapo, presha za pande mbili hazijalingana. AC nyingi zina ucheleweshaji wa dakika tatu ndani yake. Kama yako ni ya zamani, weka kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha, au izime mwenyewe mpaka umeme utulie dakika tano.

AC ya inveta ina tofauti gani katika matengenezo?

Haina ile kapasita ya kompresa. Kompresa inaendeshwa na bodi, ikiongeza na kupunguza mwendo, na ndani ya bodi kuna umeme wa zaidi ya volti 300 unaobaki baada ya kuzima. Mimi nasubiri dakika kumi, kisha napima ndipo naingiza mkono. Kwa hapa kwetu mabodi mengi hufa kwa chumvi na kwa mijusi. Mjusi anafuata joto, analala juu ya bodi, anagusisha njia mbili, anakufa yeye na bodi. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni. Ni kazi ya dakika tano.

Gesi ikivuja chumbani inadhuru?

Kiasi cha AC moja kwenye chumba chenye hewa si hatari kubwa. Fungua madirisha, zima moto wote. Gesi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, hivyo usimwache mtoto mchanga aliyelazwa kwenye mkeka. Ikikurukia ikiwa kimiminika inaunguza ngozi kwa baridi. Na ikipita kwenye moto inatoa moshi wa asidi unaokaba. Ndiyo maana hatuchomelei bomba lenye gesi.

Nahama kutoka Ngamiani kwenda Kange. AC nitaichukuaje bila kupoteza gesi?

Gesi yote inaweza kufungiwa ndani ya mashine ya nje. AC inawashwa kwenye ubaridi, geji inafungwa kwenye bomba nene, kisha vali ya bomba jembamba inafungwa kwa ufunguo wake. Kompresa inaendelea kunyonya lakini hailetewi kitu, sindano inashuka. Ikikaribia sifuri, vali ya bomba nene inafungwa na AC inazimwa hapo hapo. Isiachwe ivute zaidi.

Hili lisifanyike kabisa kwenye AC inayojulikana kuvuja au iliyo na nati iliyolegea. Kompresa itavuta hewa kutoka nje, hewa na oili vitabanwa pamoja vikiwa moto, na chungu kinaweza kupasuka usoni mwa fundi. Hiyo gesi itolewe kwa mashine ya kukusanyia, iingie kwenye mtungi wake.

Baada ya kufungua, ncha za kopa zizibwe kwa tepu siku hiyo hiyo, na vifuniko vya vali virudishwe vikazwe. Kwenye guta mashine ya nje isimame wima, ifungwe kamba. Ikibidi ilazwe, ukifika Kange iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha, oili irudi chini kwenye kompresa.